Mbuzi wa Ntheo na Keria ya Chuma

Mwanangu, iko siku moja ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu, yenyewe nitaikumbuka. Ni siku ambayo mume wangu Kimeu, huyu mnayemwona akisoma Biblia kanisani huku kipara kikimeta, alikuja kuniposa nyumbani kwetu Ikutha akiwa ndani ya gari lililovutwa na ng'ombe wawili wa jembe.

Nakusimulia kwa sababu nimesikia umenunua kigari cha kwendea kazini, kile cha mafuta machache, na tayari umeanza kuonyesha watu picha za matairi mapana na eksozi ya kunguruma. Sikukatazi. Gari ni lako na ujana ni wako. Lakini kaa kidogo, chai bado ni moto.

Kimeu ni mtu wa Kambu, kule kwenye barabara ya Mombasa, ila siku hizo alikuwa amepanga chumba Ikutha na kuuza dawa za mifugo katika duka moja la Mutomo. Kila asubuhi alikwenda Mutomo, jioni akarudi, kwa kigari cheupe chenye injini ndogo. Barabara ilikuwa ya udongo, kiangazi vumbi, masika tope. Nyinyi mnaoteleza juu ya lami leo hamjui tulikotoka. Mimi nilikuwa nikijifunza ushonaji Mutomo, na ndivyo tulivyojuana. Alinibeba mara moja, akanibeba tena, halafu nikaanza kuchelewa kwa makusudi ili basi liniache. Hilo usimwambie mtu wa kanisani.

Sifa ya kigari kile ilikuwa moja tu: hakikujua kula. Baba yangu, Mzee Nzioka, alikuwa mnunuzi wa mbuzi, na mnunuzi wa mbuzi hasifu kitu mbele ya mwenyewe, maana bei itapanda. Lakini alikuwa amezoea kupanda na Kimeu hadi Mutomo siku za soko, na jioni moja alishuka akasema, "Hii gari inatembea na kijiko." Kwa Baba, hiyo ilikuwa shahada. Nadhani alilipenda gari kwanza, mwenye gari baadaye. Alisema haba na haba hujaza kibaba, na kijana anayejua kutunza kidogo hatashindwa kutunza mke.

Sasa nikueleze ntheo, maana nyinyi wa siku hizi mnaharakisha. Kwetu Ukambani mwanamke si mke wa mtu, hata wakae pamoja mpaka wapate wajukuu, kama wazee wa upande wa mume hawajaleta mbuzi wa ntheo kwa baba yake. Na mmoja wa mbuzi hao lazima achinjwe siku hiyohiyo, aliwe na pande zote mbili. Asipochinjwa, mmetembeleana tu, hakuna ndoa.

Siku ilipopangwa, Kimeu akashikwa na ule ugonjwa wa vijana. Angeweza kukodi pikapu kama watu wengine. Hapana, alitaka afike na mbuzi na wazee kwa gari lake mwenyewe, na alitaka gari lenyewe lionekane kubwa. Akalipeleka kwa fundi pale Ikutha. Wakaliinua kwa vyuma chini ya springi. Wakatoa magurudumu yake, wakavalisha matairi mapana ya pikapu yaliyokuwa yakikwaruza bodi kila alipokata kona. Juu ya paa wakafunga keria ya chuma, chuma kile cha kutengenezea geti, ili mbuzi wasafiri huko juu kama waheshimiwa. Nyuma wakaweka spika mbili zilizojaza buti, na eksozi pana ambayo mkono wangu uliingia mzima. Wahenga walisema ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba. Samahani kwa lugha, lakini methali nyingine haitoshi hapo.

Tulilizunguka lile gari sisi wasichana, tukacheka kwa furaha. Lilikuwa limependeza, nisiseme uongo. Ila Kimeu, aliyekuwa akijaza tanki mara moja akasahau, sasa kila nikipanda tulikuwa tunapitia kwa muuza petroli. Baba alilisikia likija tangu mbali. Jioni moja alisimama langoni, mikono nyuma.

"Kijana, hii gari siku hizi inakula nini?"

"Petroli tu, Mzee."

"Na petroli inakula nini?"

Kimeu akacheka, akidhani ni mzaha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Siku ya ntheo waliondoka Kambu alfajiri, mbuzi watatu juu na wazee watatu ndani. Mmoja wa wazee hao alikuwa ami yake Kimeu, Mzee Kilonzo, ambaye alipoketi upande mmoja gari liliinamia upande huo. Na Kimeu, mwanangu, alikuwa ametia mafuta kwa kipimo chake cha zamani, kile kilichokuwa kikimfikisha Ikutha na kubaki. Alisahau kwamba gari la zamani alishaliua. Hili jipya lilipambana na upepo kama mtu aliyebeba godoro kichwani. Kabla ya kufika Ikutha, kwenye mlima mdogo, likakohoa likanyamaza. Wakatuma mtu sokoni, chupa za petroli za dukani zilikuwa tupu, lori la kuleta nyingine halijafika. Kando ya barabara palikuwa na jirani yetu mmoja akilima. Huyo ndiye aliyefungua ng'ombe wake kwenye jembe.

Sisi nyumbani tulikuwa tayari. Muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa umeiva, viti vimeazimwa kanisani, shangazi yangu amesimama langoni na kigelegele mdomoni. Akakianza alipoona wazee. Kisha akaona mbuzi wakitembea mbele, wazee wakiwafuata na makoti yao ya Jumapili begani, na nyuma kabisa gari likija polepole likiongozwa na pembe. Kigelegele kikamkatikia njiani. Mimi nilichungulia kwenye dirisha la jikoni nikatamani ardhi inimeze.

Baba akawakagua mbuzi kwanza, mmoja mmoja, meno na kwato. Halafu akatazama gari.

"Mbuzi ziko sawa," akasema. "Hizi zimekuja na miguu zao. Ni gari ndiyo imeletwa."

Mzee Kilonzo alicheka hadi akashika tumbo, na kweli hapo wote tukavunjika mbavu, hata Kimeu mwenyewe. Nilidhani yameisha. Lakini Baba alikuwa ameingia ndani, na alipotoka alishika chupa kubwa ya soda iliyojaa petroli ya kuendeshea pampu yake ya maji.

"Mwana wakwa, keti," akamwambia Kimeu, na sauti haikuwa ya hasira. "Chupa kama hii ndiyo ilikuwa inakupeleka Mutomo. Nimepanda na wewe, najua. Weka hii kwa tanki. Nenda Mutomo, ujaze, urudi. Ukirudi, tunachinja. Ukikwama, hawa wazee watakula muthokoi walale kama wageni, na kesho mbuzi zitarudi Kambu. Tutaongea mwaka ingine."

"Na gari iko hivi, Mzee?"

"Hapo sikuambii. Toa kitu unataka, acha kitu unataka. Lakini Mzee Kilonzo utaenda na yeye. Gari ya kazi haiendi tupu."

Bibi harusi hatakiwi kuonekana mbele ya wageni kabla ya kuitwa, lakini nilivua aproni nikatoka. Ilikuwa ndoa yangu pia. Kaka zangu walikuwa wamekwisha kumwita fundi, naye akaja na yale magurudumu ya zamani, bahati nzuri hakuwa amepata wa kuyanunua. Keria ikashuka, watu wanne kila mmoja na pembe yake. Vyuma vya springi vikatoka, eksozi ya zamani ikarudi mahali pake. Kimeu alifanya kazi, shati jeupe la ntheo limejaa grisi. Kisha akafunga buti.

"Kimeu, toa na hizo spika," nikamwambia.

"Hizo si nzito."

"Basi zibebe wewe."

Akanitazama, akaitoa moja, akaibeba kifuani kuelekea ghalani. Hakufika mbali. Aliitua chini, akavuta pumzi, akarudi kuchukua ya pili. Shangazi yangu alikaa juu ya ile ya kwanza siku nzima, akasema ni kiti kizuri.

Usidhani alivua kila kitu. Chini ya injini fundi alikuwa ameweka bati jepesi la kuzuia mawe ya barabara yetu yasipasue tanki la oili. Hilo aliliacha, maana lilikuwa na kazi, na uzito wake si wa kuzungumziwa. Aliacha pia vitambaa vya viti nilivyomshonea mimi, vya maua mekundu. Akajaza tairi upepo vizuri. Akatoa jembe, mawe mawili ya kuzuia gurudumu na gunia la chumvi ya ng'ombe lililokuwa limekaa chini ya kiti tangu nimjue. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimpende upya, maana hakuna aliyemwambia.

Mzee Kilonzo akapanda, gari likainama, wakaenda. Halikunguruma. Lilipita langoni kama zamani, nasi tukabaki tunasikiliza njia. Beberu wa ntheo alikuwa amefungwa kando ya ghala akila majani bila wasiwasi, na wazee wawili wa Kambu wakimtazama kwa njaa. Baba akavaa koti lake zito jua likiwaka, akasema anakwenda kuona mbuzi kwa jirani, akawasha pikipiki.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi yaliniuma kweli. Nilipepeta ndengu zilizokwisha kupepetwa. Nilijiambia nikimkosa huyu nitarudi kushona magauni ya watu wengine wanaoolewa. Nililia kidogo, na shangazi akaniambia nisimwage machozi kwenye ndengu.

Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipokiona kigari kikija. Mzee Kilonzo alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo. Kimeu akashuka, hakujisifu, akasema tu, "Tumefika Mutomo na bado sindano ya mafuta haijalala kabisa." Kigelegele cha shangazi safari hii kilimalizika chote, na majirani wakakipokea.

Baba alirudi nyuma yao kidogo. Watu walikuwa wanakimbilia kisu na beberu, na mimi peke yangu nilikuwa karibu alipoegesha pikipiki nyuma ya jiko. Akafungua koti. Ndani alikuwa amefunga kwa mshipi chupa nyingine ya petroli, imejaa hadi shingoni. Alikuwa amemfuata Kimeu mpaka Mutomo na kurudi, kwa umbali ambao kijana hangemwona kwenye kioo, asije akakwama mahali.

"Haikufunguliwa," akaniambia, akairudisha kwenye pampu. "Huyo ni mume."

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Nilimkumbatia baba yangu mbele ya kuku na sufuria, jambo ambalo kwetu halifanywi, na yeye akasimama wima kama nguzo akiniambia nitamchafua koti. Beberu akachinjwa. Tukala.

Sasa nikupe neno, mwanangu, uende nalo. Gari dogo ni kama mtu mwenye kazi yake anayoijua, usimlazimishe kazi ya jirani. Kila kitu unachotaka kuongeza, kibebe kwanza mikononi uzunguke nacho uwanja. Ukichoka, jua injini nayo itachoka, tena kila siku, asubuhi na jioni, na wewe ndiwe utakayeilisha. Paa likae wazi. Ukihitaji keria kwa safari ya magunia, ifunge, na safari ikiisha ifungue, usiizungushe mjini ikipigana na upepo kwa sababu ya uvivu wa spana. Magurudumu yawe ya kipimo alichokusudia aliyelitengeneza, na upepo usipungue. Kichujio cha hewa kisafishe, maana vumbi letu unalijua. Rangi paka uitakayo. Taa, vitambaa, redio ndogo yenye sauti nzuri, furahi navyo. Urembo mwepesi haujawahi kumaliza tanki la mtu. Na kama unataka watu wakuheshimu kwa gari lako, fika mapema, na ubebe mama wa watu aliyeachwa na basi.

Jambo la pili ni dogo. Mzee akikukemea, usiangalie mdomo wake tu. Ngoja uone anafanya nini ukishaondoka. Wako wanaokemea wakalala usingizi. Anayekukemea kisha akakosa amani mpaka ufike, huyo msikilize hata kama maneno yake yanachoma.

Nenda basi, chai imekwisha. Mungu akulindie barabara ya Ikutha na ya Mutomo, na hiyo kubwa ya Mombasa yenye malori. Akupe macho ya kuona kilicho chako na kutosheka nacho. Na popote unapokwenda, ukute wapo watu ambao hawajala kwa sababu wanakungoja, wakikuona wanyanyuke, mnawe mikono, mle pamoja.