Beseni la Chura Mgonjwa

Kiwandani kwa dobi walimwita Mama Pasi, na jina likamkaa. Tangu usichana wake alikuwa akinyoosha mashuka ya hoteli na ya hospitali, mvuke ukimpanda usoni, mikono ikinuka dawa ya kung'arishia nguo hata siku ya mapumziko. Zamani alikuwa mcheshi. Wenzake walisema ukipangwa naye meza moja, mashuka yanaisha hujui yameishaje. Kisha mwanawe wa pekee akaugua figo, akalala mwaka mzima, akafa, na kicheko cha Mama Pasi kikazikwa naye. Siku hizi alipiga pasi, akala, akalala, akarudi kupiga pasi.

Alichoachiwa na kijana ni chura. Msicheke, jamani. Wenzetu huachiwa nyumba, yeye aliachiwa chura wa kijani, mnene, ndani ya tangi la kioo sebuleni. Kijana alimpa jina la Mheshimiwa, kwa sababu alikaa tu na kitambi chake, hasikii la mtu, wala hafungui mdomo ila palipo na cha kula. Mama Pasi alimlisha panzi kwa kibano. Kumgusa hakuthubutu, maana mwanawe alishampiga marufuku.

"Mama, na hiyo mikono ya dawa?" alikuwa akimwambia. "Chura anakunywa kwa ngozi. Ukimshika hivyo umemnywesha sumu."

Maneno hayo aliyashika kama wosia.

Panzi aliwanunua kwenye duka la wanyama wa kufugwa, njiani akitoka kazini. Mwenye duka alikuwa bwana mmoja wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa mtu mbaya, ila biashara ilishamchosha, na tope lilikuwa limejaa kwenye matangi yake. Jioni moja, chini kabisa, nyuma ya magunia ya chakula cha ndege, Mama Pasi akaona chura wa jamii ile ile ya Mheshimiwa, lakini mdogo, amekonda, ngozi inambanduka mgongoni na tumbo limemwiva kwa wekundu. Alikuwa amelala ubavu. Alijaribu kujiinua, akashindwa, akaacha.

Moyo ulimpasuka. Aliwahi kumwona mtu akijaribu kuinuka namna ile.

"Kaka, huyu ana nini?"

"Huyo? La kuvunda halina ubani, mama." Mwenye duka alivua miwani akaifuta kwa shati. "Kama unamtaka mchukue bure, uniondolee dhambi. Ila kesho jioni nikimkuta bado yupo namtoa mwenyewe. Ataniambukizia wote."

"Nipe mpaka kesho," alisema Mama Pasi.

Kilichomfanya asimbebe pale pale ni sheria nyingine ya marehemu. Kijana alikuwa akisema chura mgeni, hata akiwa mzima, haingii chumba kimoja na mwenyeji. Anawekwa kwake, na beseni lake na kitambaa chake, mpaka aonekane hana neno. Ukisahau siku moja tu, ukashika huku na huku kwa kitambaa kile kile, umewaua wote wawili. Na nyumba yao ilikuwa na nini? Sebule, ambamo walipika pembeni, wakala katikati, wakalala nyuma ya pazia, na Mheshimiwa akiwa mezani. Kulikuwa na chumba kimoja tu zaidi, chenye dirisha, walichompa kijana alipougua ili apate hewa. Tangu mazishi kilikuwa kimefungwa, na ufunguo aliuweka mumewe kwenye mfuko wa shati.

Mumewe alikuwa mchapaji aliyestaafu, wino haujamtoka kwenye kucha mpaka leo. Mama Pasi alimkuta anamenya viazi.

"Mzee wangu, kuna chura dukani anakufa."

"Si tunaye mmoja hapa? Wa pili wa nini, tuchimbe bwawa?"

"Anahitaji chumba chake. Masharti ya mwanao unayajua."

Kisu kilisimama. Mzee alielewa ni chumba kipi, akapeleka mkono kifuani, penye mfuko.

"Kile hapana."

"Ni beseni tu, mezani. Kitanda hatukigusi."

"Nimesema hapana, mama. Nilimwona mmoja akifia mle. Wa pili simtaki."

Mama Pasi alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto. Eti alimwona! Na nani aliyekuwa akimwogesha, akimgeuza, akimshikia beseni la kutapikia? Lakini yote hayo aliyameza. Alijua kila mtu na alivyoumia. Akachukua kisu cha pili, akamsaidia kumenya.

Siku iliyofuata aliunguza shuka, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea.

Jioni akaingia dukani. Chura alikuwa hai. Mama Pasi alichuchumaa, akasogeza uso kwenye kioo, na yule mnyama akavuta mguu mmoja polepole. Labda alimwona, labda hakumwona. Nikimficha chini ya kitanda je, alijiuliza, nyuma ya pazia? Hatua ngapi kutoka pale mpaka kwa Mheshimiwa? Akajijua alivyo siku hizi, anavyorudi amechoka, anavyosahau chumvi na kuacha mlango wazi. Siku moja kitambaa kingepotea njia. Na Mheshimiwa akifa, kitabaki nini nyumbani kilichowahi kukaa kiganjani mwa mwanawe?

"Sina pa kumweka, kaka," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

"Basi usitazame."

Lakini alitazama. Aliona kwamba kumwacha na kumkimbia pia ni kumdharau. Mwenye duka alimviringisha chura kwenye gazeti, akamfunga kwenye mfuko, akatoka mlango wa nyuma. Kifuniko cha pipa kikalia. Aliporudi alinawa mikono muda mrefu. Mama Pasi akanunua panzi wa Mheshimiwa kwenye kopo, kama kawaida, akaondoka.

Nyumbani sebule ilikuwa tupu. Mlango wa chumba cha kijana ulikuwa wazi.

Mzee alikuwa amepiga magoti anafuta sakafu. Dirisha alilifungua, godoro alilikunja, akaliegemeza ukutani. Mezani palikuwa na beseni jipya lenye maji, jiwe la kupandia katikati, na kando yake kitambaa cheupe. Mama Pasi alikitambua. Ulikuwa mgongo wa shati lake zuri la kuendea harusini, amelikata.

"Maji nimeyaacha wazi tangu asubuhi, dawa ya bomba itoke, kama alivyokuwa akifanya kijana," mzee alisema bila kuinua uso, upesi upesi. "Na kitambaa hiki ni cha humu humu, kisivuke kizingiti. Mimi ndiye nitakayekaa naye, wewe mlishe Mheshimiwa. Hivyo hatuchanganyi." Ndipo akaliona kopo. Uso wake ukafunguka kwa namna ambayo Mama Pasi alishaisahau. "Yumo humo?"

"Hao ni panzi."

"Sasa yeye yuko wapi?"

Mama Pasi aliliweka kopo chini. "Nimekuta ameshakufa, mzee wangu."

"Lini?"

"Usiku."

Mzee aliushika ukingo wa meza. "Ningekupa ufunguo jana..."

"Hata jana asingepona. Alishakwisha yule."

Majuto ni mjukuu, watu husema. Hawa wawili hawakujaliwa mjukuu. Huyu wa majuto ndiye aliyewafika, na Mama Pasi akaamua ambebe yeye peke yake.

Mzee aliketi kwenye mbao tupu za kitanda akalia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia msibani. Mama Pasi aliketi ubavuni mwake. Alimshika kichwa kwa mikono yake inayonuka dawa, akamlaza begani, na hakuna aliyekumbuka kumlisha Mheshimiwa jioni ile.