Tiketi ya Kabla ya Saa Kumi

Shangazi yangu aliishi Louisville miaka mingi bila kupanda treni hata mara moja. Alizijua kwa sauti tu. Nyuma ya nyumba aliyopanga kulipita reli, na alfajiri treni za mizigo zilipita taratibu, ndefu kupita kiasi, zikipiga honi. Alipokwenda Columbus kumwona mwanawe anayeishi Reynoldsburg, kitongoji cha huko, alipanda basi, kwa sababu huko nako treni ya abiria hakuna. Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba baba mdogo, kitinda mimba wao, atafanyiwa upasuaji wa moyo katika mji mdogo wa pwani nje ya jiji la New York, familia iliamua shangazi aletwe kwangu Buffalo, nami nimpeleke kwa treni. Mimi ndiye niliyedhaniwa kuzijua treni.

Mwanawe alimleta kwa gari Jumatano jioni. Alishuka akiwa amevaa kitenge cha kanisani, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtu anayebeba mtoto. Kabla ya kuingia ndani alitaka tuende kwenye maduka ya Grant Street tukamnunulie mdogo wake ndagala, vile visamaki vikavu, na unga wa muhogo. Nilimwambia mgonjwa wa moyo hatakula ndagala zenye chumvi.

"Atazinusa tu," alisema. "Kunusa hakuui mutu."

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Baba mdogo angeingia chumba cha upasuaji Ijumaa, na shangazi alitaka kumshika mkono kabla. Mwanzoni safari ilikuwa nzuri. Alikaa dirishani akihesabu ng'ombe kwa sauti ya chini, akicheka peke yake kila alipoona kundi kubwa. Behewa lilikuwa na watu wachache. Viti viwili mbele yetu alikaa kijana mmoja mwenye koti la kijani, anakula tufaha na kutazama simu yake.

Tulipokwisha kupita Rochester, maafisa wawili wa uhamiaji wenye sare nyeusi waliingia kwa mlango wa nyuma. Hawakupaza sauti. Waliinama kwa kila kiti na kuuliza jambo lilelile: wewe ni raia wa wapi? Nilitoa pasipoti yangu. Shangazi alitoa kadi yake ya ukaazi kutoka kwenye soksi, ikiwa imefungwa katika karatasi ya nailoni, na yule afisa aliigeuza mara mbili, akamtazama usoni, akamrudishia. Akasema asante. Kisha wakafika kwa kijana wa koti la kijani.

Sikusikia alichowajibu. Nilimwona akiwaonyesha tiketi, halafu simu, halafu tiketi tena. Treni ilisimama kwenye stesheni ndogo na wakashuka naye, mmoja mbele na mmoja nyuma. Tufaha lililoliwa nusu lilibaki juu ya meza ya kiti. Mwanamke mmoja aliongeza sauti ya kompyuta yake.

"Amefanya nini?" shangazi aliuliza.

"Sijui, shangazi."

"Lakini alikuwa na tiketi."

"Alikuwa nayo."

Tangu hapo hakuhesabu tena ng'ombe. Treni nayo ikaanza kusimama porini kupisha treni za mizigo, na kila iliposimama alikaza mkono wake juu ya goti langu, akisikiliza mlango wa nyuma.

Tuliingia jijini tumechelewa sana. Tulivuka kwa teksi hadi stesheni nyingine, ile ya treni za vitongoji, tukasimama mbele ya mashine ya tiketi na watu wakijipanga nyuma yetu. Mashine iliniuliza swali ambalo sikulitarajia: nataka tiketi ya saa za msongamano au ya saa tulivu? Ya pili ilikuwa ya bei rahisi zaidi. Nilimpigia binti wa baba mdogo, ambaye ndiye angetupokea.

"Sasa ni saa ngapi huko?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Saa kumi ya alasiri haijafika."

"Basi saa tulivu. Saa za msongamano zinaanza saa kumi."

Nikabonyeza. Tiketi mbili zikatoka. Na zilikuwa sahihi, hilo nitaliapia popote. Ila shangazi alihitaji choo, na choo kilikuwa chini, kina foleni, na tulipopanda tena ukumbi ulikuwa umefurika watu wanaokimbia wote upande mmoja kama waliosikia mlio wa risasi. Treni tuliyoikusudia ilikuwa imeondoka. Tukaingia katika iliyofuata. Milango ikajifunga. Sikutazama saa. Kwa nini nitazame saa? Nilikuwa na tiketi mkononi.

Kondakta alikuja tulipotoka chini ya ardhi. Alikuwa mtu mnene, mzee kidogo, kofia imemkaa vizuri. Alizitazama tiketi zetu akatikisa kichwa.

"Hizi ni za saa tulivu. Hii ni treni ya saa za msongamano."

"Tulinunua kabla ya saa kumi," nikasema.

"Haijalishi mlinunua lini. Treni hii imeondoka baada ya saa kumi."

Shangazi alinivuta mkono. Alikuwa amewasha ile programu ya kutafsiri kwenye simu yake, ambayo mjukuu wake alimwekea, na akanionyesha kilichoandikwa: *Tiketi yako si ya kilele.*

"Kilele cha mulima gani?" akaninong'oneza. "Juu ya nini anasema mulima, sababu gani?"

Sikuwa na nafasi ya kumweleza kwamba kwa Kiingereza saa za msongamano na kilele cha mlima ni neno moja. Kwetu, katika miaka ile mibaya ya vita, watu waliokaa vileleni ndio waliokuwa na bunduki, na aliyetaka kupita bondeni aliwapelekea karatasi zake huko juu, akangoja chini. Wengine waliitwa wapande wenyewe, na si wote walioshuka. Nilipoona uso wake nilijua yuko huko, si katika behewa lenye viti vya buluu.

Nilimtolea kondakta noti ili niongeze kilichopungua. Hakuwa na chenji. Akasema atarudi, akaondoka kwenda behewa la mbele na noti yangu na tiketi zetu zote mbili.

"Anaenda wapi na tiketi zetu?"

"Kutafuta chenji, shangazi. Anarudi."

"Anaenda kuwaita bale ba asubuhi."

"Hapana. Wale maafisa hawako huku. Huyu ni kondakta tu."

"Bon, sawa," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Akanipa simu yake. "Moto imeisha. Nichajie."

Niliinama kutafuta waya katika begi. Treni ilipunguza mwendo, watu wakasimama, makoti yakajaa njiani. Nilipoinua kichwa, kiti chake kilikuwa kitupu. Nilimwona kupitia dirisha, jukwaani, mkoba kifuani, amenipa mgongo. Niligonga kioo kwa viganja viwili. Hakugeuka. Treni ikaondoka, yeye akasogea nyuma yetu, mdogo, akawa kitenge tu, akapotea.

Kondakta alirudi na chenji na vipande viwili vya karatasi. "Mama yako yuko wapi?" akauliza. Nilipomwambia, uso wake ulibadilika, akashika redio yake akazungumza kwa haraka. Akaniambia nishuke stesheni inayofuata, nivuke daraja, nirudi na treni ya upande wa pili. Niliona kwamba ameogopa, na hilo lilinitisha kuliko kama angekasirika.

Jukwaa la upande wa pili lilikuwa na mtu mmoja tu, mbali, na mashine. Mashine ikaniuliza tena: msongamano au utulivu? Nilisimama na kidole hewani. Reli zilezile, saa ileile, ila sasa ninaelekea jijini badala ya kutoka. Nilimpungia yule mtu nikamuuliza kwa kelele.

"Kwenda huko ni saa tulivu!" akajibu. "Jioni wanaorudi jijini hawalipi zaidi!"

Nilinunua ya saa tulivu. Nakumbuka nilichokifikiria: kwamba nchi hii inaweza kukuhesabia saa ileile kwa namna mbili, kutegemea unakoelekea, na mtu wa kukueleza yuko mwisho wa jukwaa.

Nilipofika stesheni aliyoshukia, shangazi hakuwepo. Nilitazama chumba cha kusubiria, nyuma ya mashine ya soda, maegesho ya magari, ngazi za chini ya daraja ambako kulinuka mkojo. Jua lilikuwa limeshuka hadi juu ya paa. Simu yake ilikuwa mkononi mwangu. Nilimpigia binti wa baba mdogo, akasema anakuja kwa gari. Halafu nikafikiri: mtu anayekimbia bila kujua njia hufuata nini? Sisi tulipokimbia tulifuata mto.

Nilikwenda hadi mwisho wa jukwaa. Pale uzio ulikuwa na pengo, na nyasi zimelala kama zilizokanyagwa. Na mbele, kando kabisa ya reli, chini ya nyaya za umeme, nilimwona anatembea. Alikuwa anafuata treni ilikokwenda. Alikuwa ananifuata mimi.

"Shangazi!"

Hakusikia. Nyuma yangu honi ikalia, ndefu. Niliita kwa jina lake la utoto, lile ambalo marehemu baba peke yake alimwitia. Hapo akageuka. Akaniona, akaiona treni. Aliingia kwenye nyasi bila haraka, akapiga magoti, akajikunja juu ya mkoba wake, mgongo juu, jinsi tulivyofundishwa utotoni kulala mabomu yakianguka. Treni ilipita kati ya macho yangu na yeye. Ilikuwa ndefu. Nilipiga kelele muda wote ilipokuwa inapita, na sikuisikia sauti yangu.

Ilipokwisha, alikuwa bado amepiga magoti. Nilimfikia nikamshika mabega. Ndagala zilikuwa zimemwagika kwenye nyasi naye alikuwa akiziokota moja moja, akipuliza mchanga.

"Nilisema moyoni, ukirudishiwa tiketi utanikuta mbele," alisema. "Njia ni moja."

"Juu ya nini ulishuka, shangazi? Treni ingekuua!"

Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba ningepaswa kujua.

"Nilishuka mwenyewe, mbele hawajanishusha. Ule kijana alingoja wamushushe. Sasa yeye iko wapi?"

Nilimsaidia kuokota zilizobaki. Binti wa baba mdogo alifika na gari lake, taa zikiwa zimewashwa mapema, na alipomwona shangazi ana majani kichwani alianza kulia, kisha akaacha, kwa sababu shangazi alimwambia kwa ukali kwamba machozi yanavuta msiba na kesho ni siku ya upasuaji.

Hospitalini baba mdogo alikuwa ameketi kitandani, mirija puani. Akamuuliza dada yake safari ilikuwaje.

"Muzuri," shangazi alijibu. "Ng'ombe mingi."

Alimshika mkono mpaka wauguzi walipotuambia muda umekwisha. Upasuaji wa Ijumaa ulifanikiwa. Baba mdogo yuko hai, anatembea na fimbo, na kila nikimpigia analalamika kuhusu chakula kisicho na chumvi. Nashukuru, na sishukuru nusunusu.

Shangazi alirudi Louisville kwa gari la mwanawe, aliyekuja kutoka Columbus akaendesha njia yote. Mkwe wake anayeishi naye huko anasema siku hizi haendi hata sokoni peke yake. Kadi yake ameitoa kwenye soksi, ameitia katika mfuko mdogo wa kitambaa alioushona mwenyewe, na anauvaa shingoni chini ya nguo. Anauvaa akipika na anauvaa akioga, akiufunika kwa nailoni. Mlango ukigongwa, hata na jirani, anasimama kwanza nyuma ya pazia la jikoni, mkono juu ya kifua, na haitikii mpaka asikie mtu anazungumza Kiswahili.