Pole ya Sweta

Siku niliyotoka eda ya marehemu mume wangu, nilivaa sweta la sufu nyepesi nililolifuma mwenyewe humo ndani. Wifi yangu Mwanahamisi alikuwa amenicheka: "Wewe utafuma gunia." Basi nikaenda kwake Dunda nikamwonyeshe. Mabega yalikaa pahala pake, vifungo havikuvuta. Nilipokuwa natoka mlangoni kwangu, msumari ulinidaka mgongoni. Nikajinasua, nikaenda zangu taratibu ili nionekane.

Muuza maandazi akaniambia, "Pole, mama." Nikainamisha kichwa. "Nimeshapoa. Kazi ya Mungu." Kijana wa bodaboda naye akanipa pole, nikamjibu vivyo hivyo. Nikasema moyoni, watu wa Dunda wana utu.

Wifi alinipokea barazani, akanishika mabega. "Mh, limekukaa kweli." Nikavimba kichwa.

"Njiani wamenipa pole nyingi za kaka yako," nikamwambia.

"Hebu geuka." Nikageuka kwa maringo. Akauvuta uzi uliotoka kwangu kuelekea barabarani.

"Za kaka yangu walishakupa, wifi. Hizi ni za mgongo wa sweta, umeuacha njiani. Lakini mabega umeyapatia."