Osiloskopu Aliyoiacha Baba

Baba alikuwa fundi wa redio mjini Beni, na mimi binti yake ndiye niliyekaa naye mezani. Kaka yangu mkubwa hakupenda kazi ile. Baba alipokufa, baba wadogo walikutana wakampa kaka, yaya kama tunavyomwita, duka pamoja na vyombo. Mimi nilikuwa nimeolewa Butembo. Nikaachiwa osiloskopu, kile chombo kinachochora umeme kwa mstari wa kijani kwenye kioo, kwa kuwa vipimo vyake vilikuwa vimepotoka.

"Ile ni kitu ya kufa," yaya alisema. "Beba tu."

Sikuwa na uwezo wa kuipeleka kwa fundi wa mbali, basi niliirekebisha nyumbani. Jirani anayefunga paneli za jua aliniazima mita yake nzuri. Nikapima betri mpya: volti moja na nusu. Kwenye kioo, kila mraba ukiwa volti moja, mstari ulipaswa kupanda mraba mmoja na nusu; haukufika hata mmoja. Nilifungua mfuniko, nikachonga mpini wa mswaki uwe bisibisi, maana chuma kingenipiga umeme, nikazungusha skrubu ya ndani polepole mpaka mstari ukakaa mahali pake. Ikabaki kasi ya mstari kupita kwenye kioo. Mapigo ya umeme wa mtaani hayaaminiki, kwa hiyo nilifungua saa ya ukutani, nikatumia mpigo wake wa kila sekunde. Mipigo ilipolingana na miraba, nililia. Nilitamani baba aone.

Habari zikafika Beni. Yaya akaja na baba mdogo.

"Kitu ya baba inabakia kwa mwanaume," baba mdogo alisema. "Weye uliisha olewa."

"Lakini mulisema ilikufa!"

"Ilikuwa imekufa," yaya akajibu. "Sasa iko muzima."

Mama, aliyekuwa amekuja kunitembelea, aliniangalia. "Umupatie, mwanangu. Muko batoto ba tumbo moja." Yaya akaifunga nyuma ya pikipiki.

Nilipokwenda Beni kwa misa ya kumkumbuka baba, niliikuta dukani, katikati ya vifuniko vya simu. Ilikuwa imewashwa, nukta moja kali imesimama katikati ya kioo.

"Yaya, punguza mwangaza. Ile nukta inaunguza kioo."

"Hapana. Bakiliya banapenda ing'ae," akasema, akiwaelekezea wateja kidevu.

Nikatoka bila kuaga. Siku hizi natengeneza redio kwa sikio na mita ndogo. Zinazonishinda nawarudishia wenyewe jinsi walivyozileta.