Kaburi Lisiloonekana Kutoka Angani

Nilisikia mvumo kama wa nyuki juu ya migomba kabla sijaiona droni. Mimi na mama tulikuwa uani kwetu Busale, tukianika kakao. Aliyeirusha alikuwa binamu yangu, na jioni ile alikuja kuomba sahihi ya mama.

"Shamba haliuzwi, mama mdogo," alisema, akiweka mezani picha ya shamba iliyopigwa na droni. "Tunaligawa kuwa tokeni, hisa ndogondogo, kwenye blokcheni, daftari la mtandaoni. Watu wa mbali wananunua vipande kwa simu, wewe unaendelea kulima."

"Wananunua mahali wasipopakanyaga?" mama aliuliza."

"Ndiyo dunia ya sasa."

Nilikuwa nimeanza kushawishika, maana picha ilipendeza, kijani kitupu mpaka mtoni. Mama aliiinamia kwa muda mrefu.

"Baba yake huyu," alisema akinionyesha mimi, "yuko kwenye kipande cha nani?"

Tulimzika baba kati ya migomba, karibu na nyumba, kama desturi yetu, na majani yalikuwa yamelifunika kaburi lote. Binamu mwenyewe alishika koleo siku ile.

"Droni haikumwona," mama alisema. "Mnunuzi atamwona?"

 Mama alimpakulia binamu wali, akasubiri amalize, akamshukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga, mwanangu." Binamu alipotoka tu, bila ile sahihi, mama aliufunga mlango kwa komeo, ingawa jua lilikuwa halijazama.