Mlio wa Difu la Baba

Enzi zetu gari ilijulikana kwa sauti kabla haijaonekana. Mafia nzima gari zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na sisi watoto wa Kanga tulicheza kombolela huku masikio yako barabarani. Gari ya bwana shamba ilikohoa. Pikapu ya baba, iliyopeleka mbata Kilindoni, ililia kwa nyuma, uuu nyembamba ya kuvutika, kwa kuwa meno ya difu, lile dude linalozungusha magurudumu, yalikuwa yamelika. Mama akiusikia mlio huo baada ya alasiri, aliacha kukuna nazi akaweka ndoo ya maji mlangoni. Baba hakuingia ndani na vumbi.

Baba akafa kwa homa ya siku tatu. Mama hakulia, na hilo lilitutisha kuliko maiti yenyewe. Akaingia eda, na sisi tukakatazwa kumpelekea habari za kumtia uchungu. Kwa hiyo hakuna aliyemwambia kwamba kaka yake, mjomba Hemedi fundi, ameifungua pikapu ya marehemu vipande vipande.

Mjomba alikuwa na sababu. Pikapu ya tajiri wa mbata ilikuwa na mbio, lakini ikipakiwa ilizama mchangani ikazima. Difu la baba lilikuwa la mwendo mdogo na nguvu nyingi.

"Mbio za nini kisiwani?" alisema. "Ukizidi kukimbia si unaingia baharini?"

Akalihamishia kwenye pikapu ya tajiri, zima, pamoja na ekseli yake.

Kesho yake, baada ya alasiri, tukasikia uuu. Mchezo ukakatika. Mlango wa chumba ukafunguka, mama akatoka na nguo zake nyeupe, ndoo mkononi.

"Baba yenu huyo. Mbona mmesimama? Mpisheni."

Alikuwa anakwenda barabarani, na eda haijaisha. Nikamng'ang'ania miguu. Pikapu ikapita, dereva mgeni akatupungia mkono. Mama alitazama mpaka vumbi likatulia, kisha akarudi ndani.

Mjomba alikuja ametahayari. "Nisamehe, dada yangu. Kesho nalitoa."

"Liache," mama alisema. "Liache lilie."

Tangu hapo ndoo iliwekwa mlangoni kila siku, nami niliogopa kuipita. Naapa, siku nyingine niliikuta maji yamepungua, na vumbi limetuama chini. Nilijiambia ni kuku.

Mwaka uliofuata yale meno yakaisha kabisa. Mjomba akaagiza difu jipya Dar es Salaam, la mwendo uleule mdogo, akalifunga. Siku hiyo mama alisimama na ndoo yake, akaona gari imefika, imepita, imekwenda, bila mlio. Ndipo akalia, kilio chote ambacho hakukilia siku ya maziko. Kisha akayamwaga maji mwenyewe.

Siku hizi Kanga gari na pikipiki hazihesabiki. Wajukuu zangu wakitaka gari huuliza kwanza kama ina redio, na mtu akikaribia nyumbani hupiga simu, "niko njiani." Ni raha, sikatai. Lakini sijaona gari ya kumfanya mtu aache nazi yake kwenye mbuzi akimbilie mlangoni, na hilo linanisikitisha.

Mimi mpaka leo, alasiri ikishaswaliwa, naweka ndoo mlangoni. Wajukuu huniuliza ni ya nini. Nawaambia ya kuku. Nyumbani kwangu sifugi kuku.