Punda wa Kwenye Kiberiti

Jumamosi, 12 Aprili. Rasharasha tangu alfajiri, kisha jua kali la ghafla.

Enzi zetu hapa Korogwe katuni haikulala mfukoni. Tuliingoja mwezi mzima, tukakalia magunia uwanjani kwenye shamba la mkonge mpaka baba awashe mashine ya sinema. Tuliyoipenda zaidi ni ya punda mwenye kofia ya chuma, anayerudisha mabomu kwa mateke. Baba alisema ilichorwa wakati wa vita vya Wazungu ili askari wacheke. Nasi tulicheka. Kama ni sawa kuchekea vita sijui, sikusoma sana. Wajukuu zangu wanatazama katuni mia kwa siku kwenye simu wamelala chali, hawacheki hata moja.

Leo amekuja kijana wa Tanga, mkusanyaji wa filamu za zamani. Amefungua kopo la filamu ya punda aliloliacha marehemu baba, akanyoosha mkanda dirishani.

"Mzee, hizi za vita zilitupwa nyingi. Tunazitafuta kwa sababu hakuna aliyetaka zidumu." Akafika mwisho wa mkanda. "Mwisho umekatwa kwa mkasi. Nani alikata? Niandike kwenye kopo."

Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena.

Nilikata mimi. Vipande nilivitia kwenye kiberiti nilichokitoboa tundu, wenzangu wakachungulia juani kwa kiingilio cha konzi ya karanga. Baba alimlaumu dada Zaina, maana mkasi ulikuwa wake wa kushonea. Akamzuia kwenda sinema mwaka mzima. Kwa haki, baba hakuwa mkali. Alikosea, nami nikamwacha akosee.

Nimempigia dada, yuko Kabuku.

"Shikamoo dada. Ule mkanda wa punda nilikata mimi."

"Marahaba. Najua. Kaptula yako nilifua mimi, mifuko imejaa maganda ya karanga."

"Mbona hukusema?"

"Tungefungiwa wote. Nani angerudi kunisimulia? Ulikuwa ukimwigiza yule punda mpaka unapiga teke mtungi wa mama!"

Akacheka. Mimi sikuweza.

Nimemwambia kijana, naye ameandika jina langu kwenye kopo, akaondoka nalo. Kiberiti sikumpa. Kimebaki na kipande kimoja, punda kainua mguu. Nitampelekea dada, akitazame juani. Siku hizi kila mtu anatazama yake, hakuna anayengoja kusimuliwa.

Jioni tumekula ugali na kisamvu cha karanga. Mimi nimekiacha kisamvu, nikala ugali mtupu.